Moyo Unaporuka Pigo

Moyo wa mtu mzima hupiga takribani mara 100,000 kwa siku moja, na karibu kazi yote hiyo hufanyika bila mwenyewe kuisikia, kama vile asivyolisikia ini lake wala figo zake. Mada ya mhadhara huu ni hali inayotokea pale kimya hicho kinapovunjika, mtu anapoanza kuyahisi mapigo yake kifuani, kooni au sikioni, yakiwa ya kasi, ya nguvu au ya kurukaruka, akakimbilia hospitali akiwa na hofu ya kufa, akapimwa, kisha akaambiwa kwamba moyo wake ni mzima. Kwa wengi jibu hilo ni la kweli, lakini halimtoshi mtu ambaye usiku huohuo, akiwa amejilaza, pigo linaruka tena. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba pigo lenyewe mara nyingi si ugonjwa, na kwamba kinachomtesa mtu ni ulinzi anaouweka juu ya moyo wake baada ya pigo hilo kupita. Na ulinzi huo hauondolewi kwa kuamrishwa usiogope, maana amri hiyo hakuna mwoga aliyewahi kuitii, bali kwa maarifa na mazoezi ya muda.

Kiswahili kina msamiati mpana wa jambo hili. Husemwa kwamba moyo unakwenda mbio, unadunda, umeruka, umempasuka mtu paa, au roho inamdunda. Na kamusi za zamani zinalo neno kiherehere, hasa katika tungo kiherehere cha moyo, kwa maana ya mapigo ya fadhaa, ingawa mitaani leo neno hilo limebaki zaidi kwa mtu anayejitia katika yasiyomhusu. Msamiati huu ni msaada mkubwa kwa mganga anayesikiliza, kwa sababu kwenda mbio na kuruka ni mambo mawili tofauti, na mgonjwa anayeweza kuyatenganisha amekwisha kufanya nusu ya kazi ya uchunguzi. Hata hivyo, moyo huohuo katika lugha ndio unaotiwa, unaovunjika, unaosononeka na unaokufa, kwa hiyo mtu anapohisi umeruka ni vigumu kwake kuuona kama msuli wenye ukubwa wa ngumi. Huona kwamba uhai wenyewe umeyumba. Kisha kuna neno presha, ambalo watu wengi hulitumia wanapohisi moyo unadunda, ilhali shinikizo la juu la damu, ambalo ndilo maana yake halisi, aghalabu halina dalili yoyote anayoihisi mtu, na kipimo chake ni mashine inayofungwa mkononi wala si kudunda kwa kifua.

Ili kulielewa pigo linaloruka ni lazima kueleza kwanza lile la kawaida. Katika chumba cha juu cha kulia cha moyo kuna kishada kidogo cha chembe hai, ambacho Arthur Keith na Martin Flack walikieleza mwaka 1907, na kazi yake ni kutoa msukumo mdogo wa umeme unaosambaa moyo mzima na kuufanya ujikaze. Mtu mzima anapopumzika, msukumo huo hutoka kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Lakini karibu kila sehemu ya moyo ina uwezo wa kutoa msukumo wake yenyewe, na mara mojamoja sehemu fulani hutangulia kabla ya zamu kufika. Hilo ndilo pigo la mapema, yaani pigo linalokuja kabla ya wakati wake. Mfano wake ni mtu anayechota maji kisimani kwa ndoo na kamba. Akiivuta kamba kabla ndoo haijajaa, huibuka na maji kidogo. Akiiacha chini kwa muda mrefu zaidi mara inayofuata, huibuka na ndoo iliyofurika, na mikono yake huhisi uzito wake. Moyo nao, pigo la mapema linapoutangulia ukiwa haujajaa, husukuma damu kidogo kiasi kwamba pigo hilo huenda lisihisiwe hata kwenye kifundo cha mkono. Baada yake hupumzika kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, hujaa zaidi, kisha hupiga kwa nguvu. Kwa hiyo kile ambacho mtu hukihisi kama moyo uliosimama ni moyo unaojaa, na kile kishindo kinachofuata, ambacho humfanya ashike kifua, ni ndoo iliyofurika inapotoka.

Mambo haya huhisiwa zaidi usiku, na sababu zake ni za kawaida kabisa. Mtu anapolalia ubavu wa kushoto, ncha ya moyo husogea karibu na ukuta wa kifua na kila pigo hugonga mbavu. Sikio likiwa limebanwa kwenye mto, mshipa ulio karibu nalo husikika ukivuma. Na nyumba inapokuwa kimya, taa zimezimwa na watoto wamelala, hakuna sauti nyingine ya kushindana na hiyo. Pigo moja linaruka. Vidole viwili vinapanda vyenyewe hadi shingoni, chini ya taya, na kuanza kuhesabu. Pumzi inazuiliwa ili hesabu isipotee. Pigo la pili linaruka, na sasa moyo, ambao dakika moja iliyopita ulikuwa ukipiga mara 70, unapiga mara 110, kwa sababu mwenye moyo ameogopa. Siku ya tatu mtu huyo halalii tena ubavu wa kushoto. Baada ya mwezi halali tena peke yake, hapandi ngazi, hasafiri mkoani bila kujua hospitali iko wapi njiani, na msikitini au kanisani hukaa karibu na mlango.

Kwamba mapigo ya mapema hayana madhara kwa moyo mzima si faraja iliyotungwa ili kumtuliza mgonjwa. Ni jambo lililogunduliwa kwa subira. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa kawaida wa mji wa viwanda wa Burnley, Uingereza, aitwaye James Mackenzie, alianza kuchora mapigo ya mishipa ya wagonjwa wake kwa chombo alichokiboresha kwa msaada wa fundi saa. Wakati ule mtu aliyekutwa na mapigo yasiyo sawasawa aliweza kuamriwa kuacha kazi na kulala kitandani, kwa dhana kwamba moyo wake ulikuwa ukielekea kushindwa. Mackenzie alikuwa na kitu ambacho madaktari wakubwa wa London hawakuwa nacho: aliishi na wagonjwa wake. Waliokuwa na mapigo ya mapema katika miaka ya 1880 alikutana nao tena sokoni na viwandani miaka mingi baadaye, wakiwa wazima na mapigo yao yakiendelea kuruka, na kutokana na hao akaandika kwamba pigo la mapema peke yake, pasipo dalili nyingine ya ugonjwa wa moyo, halistahili kumtisha mtu. Katika historia ya tiba ni vigumu kupata mfano bora wa faida ya daktari anayekaa mahali pamoja kwa muda mrefu.

Vyombo vilivyokuja baadaye vilithibitisha hayo kwa njia nyingine. Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Semarang katika kisiwa cha Java mwaka 1860, alibuni mwanzoni mwa karne ya 20 mashine ya kuchora umeme wa moyo, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1924. Mgonjwa alikaa ametumbukiza mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi, na mashine ilijaza chumba. Mmarekani Norman Holter alitengeneza baada ya Vita Kuu ya Pili chombo cha kubebwa mgongoni, kilichokuwa na uzito wa takribani kilo 38, ili moyo urekodiwe mtu akiwa katika shughuli zake, na leo kipimo chenye jina lake ni kijisanduku kidogo kinachovaliwa kwa saa 24 au zaidi. Baada ya kipimo hicho kuenea ilidhihirika kwamba watu wengi sana wenye afya nzuri wana angalau mapigo machache ya mapema kwa siku, na wengi wao hawayahisi kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 uliwafuatilia kwa wastani wa miaka sita na nusu watu 73 wenye afya waliokuwa na mapigo mengi ya mapema yasiyowasumbua, na ukaonyesha kwamba maisha yao hayakuwa mafupi kuliko ya watu wengine wa nchi yao.

Kuna sura ya historia hiyo inayopaswa kujulikana na kila anayemsihi daktari ampe kidonge cha kuyakomesha mapigo. Katika miaka ya 1980 ilionekana jambo la busara kuwapa watu waliowahi kupata shambulio la moyo, na ambao bado walikuwa na mapigo ya mapema, dawa za kuyazima. Dawa zilifanya kazi: mapigo yalipungua. Jaribio kubwa, ambalo sehemu yake ilisimamishwa mwaka 1989, liliwagawa wagonjwa 1,498 katika kundi la waliopewa mojawapo ya dawa mbili za namna hiyo na kundi la waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa wastani wa miezi kumi, walikufa 63 katika kundi la dawa na 26 katika kundi lingine. Wagonjwa hao walikuwa na mioyo iliyokwisha kuumia, na hali yao si hali ya mtu mwenye moyo mzima, lakini funzo lililobaki kwa madaktari wa moyo ni kwamba kulinyamazisha pigo na kumponya mtu ni kazi mbili tofauti, na kwamba daktari anayekataa kuandika dawa kwa pigo lisilodhuru huenda ndiye anayemjali zaidi mgonjwa wake.

Yote hayo yana sharti moja, nalo ni kwamba moyo uwe umechunguzwa. Katika Afrika Mashariki sharti hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa zipo sababu za kudunda kwa moyo ambazo si za hofu na zinatibika. Homa ya rumatiki, inayoanza utotoni kwa koo lililoambukizwa na bakteria na kisha kuharibu milango ya moyo, bado inawapata vijana wengi wa eneo hili, na dalili yake ya kwanza inayoonekana inaweza kuwa mapigo ya kasi ya mama mjamzito ambaye hakuwahi kujua kwamba ana tatizo. Upungufu wa damu, uwe umetokana na malaria, minyoo ya safura, hedhi nyingi au ujauzito, huufanya moyo ukimbie ili damu kidogo ifanye kazi ya nyingi. Tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, ikitoa homoni kupita kiasi, humfanya mtu apungue uzito, atoke jasho na kutetemeka mikono huku moyo ukienda mbio hata akiwa usingizini. Daktari anayezijua hali hizi humsikiliza mgonjwa, husikiliza milango ya moyo, huagiza kipimo cha umeme wa moyo, kipimo cha wingi wa damu na pengine cha tezi, na panapokuwa na shaka huagiza picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, iitwayo eko, ambayo siku hizi hupatikana si katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam tu bali hata katika baadhi ya hospitali za mikoani.

Zipo pia dalili zinazoondoa kabisa ruhusa ya kungoja. Aliyezimia, hasa wakati wa kukimbia au kufanya kazi nzito, anayebanwa kifua au kukosa pumzi pamoja na mapigo hayo, aliyevimba miguu, aliyekwisha kuambiwa ana ugonjwa wa moyo, mwenye ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana, na yule ambaye mapigo yake yamekwenda mbio au ovyoovyo bila mpangilio kwa muda mrefu akiwa amepumzika, hao wote wanapaswa kwenda hospitali siku hiyohiyo, na hakuna sehemu ya mhadhara huu inayowahusu hadi watakapochunguzwa. Yafaa kusema pia kwamba mapigo yanayowaka ghafla kama taa, yakaenda kasi na kwa mpangilio, kisha yakazimika ghafla, mara nyingi ni hitilafu ya njia ya umeme wa moyo ambayo ina matibabu mazuri, na si haki mtu mwenye hali hiyo kuambiwa kwa miaka kwamba ana wasiwasi tu.

Sasa linabaki kundi kubwa la waliochunguzwa na kukutwa wazima. Mwaka 1871 daktari wa Marekani Jacob Mendes Da Costa alichapisha maelezo ya zaidi ya askari 300 wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake waliolalamika kudunda kwa moyo, maumivu ya kifua na uchovu, bila kuonekana kasoro ya moyo iliyoelezea hali hiyo. Na katika Vita Kuu ya Kwanza Thomas Lewis alikutana na maelfu ya askari wa Uingereza wenye hali kama hiyo na akagundua kwamba kuwalaza kitandani kuliwadhoofisha, ilhali mazoezi ya mwili yaliyopandishwa polepole yaliwarudishia wengi nguvu. Walikuwa watu waliopitia vitisho vya kweli, na miili yao ilikuwa imejifunza kukaa tayari. Utaratibu wake unafahamika: ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, homoni inayouharakisha moyo, na adrenalini hiyo huweza pia kuongeza mapigo ya mapema. Mtu anapoliogopa pigo, hofu yake huzaa pigo jingine, ambalo huthibitisha hofu, na mduara ukafungwa. Katika mduara huo, kidole kinachopima shingoni kina dhambi kubwa kuliko kikombe cha kahawa.

Mtu aliyelieleza jambo hili kwa namna iliyowasaidia watu wengi ni Claire Weekes wa Australia, aliyezaliwa mwaka 1903. Kabla ya kuwa daktari alikuwa mwanazuolojia, na akiwa kijana aliambiwa kimakosa kwamba ana kifua kikuu, akawekwa miezi kadhaa katika nyumba ya wagonjwa, akatoka humo akiwa na moyo unaodunda usiku na mchana. Aliyemfungua ni rafiki aliyekuwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza, ambaye alimweleza kwamba hali hiyohiyo iliwapata askari wenzake, na kwamba moyo wake ulikuwa ukikimbia kwa sababu aliuogopa ukikimbia. Katika kitabu chake cha mwaka 1962 Weekes alitenganisha hofu mbili: ya kwanza ni mshtuko wenyewe, ambao mwili huutoa bila kumwomba mtu ruhusa, na ya pili ni ile ambayo mtu huiongeza juu yake kwa kujiambia kwamba sasa ndiyo mwisho. Ya kwanza haizuiliki na hupita yenyewe; ya pili ndiyo inayoweza kuachwa. Njia aliyoifundisha ni kulikabili pigo, kulikubali, kuliacha lipite kama mtu anayeelea juu ya maji asiyepigana nayo, na kuuachia muda ufanye kazi yake.

Kwa vitendo, kulikubali kuna maana mahususi. Pigo linaporuka, vidole vinabaki vilipo, pumzi haizuiliwi bali inatolewa polepole, ndefu kuliko iliyoingizwa, mabega yanalegezwa, na kazi iliyokuwa mkononi inaendelea, iwe ni kuosha vyombo, kusahihisha madaftari au kusikiliza hotuba ya Ijumaa. Tofauti ni ndogo lakini ndiyo yote: mtu anayevuta pumzi ili pigo liondoke bado anapigana, na anayevuta pumzi huku akiliruhusu libaki ameacha kupigana. Mazoezi hayo yanafuatwa na kurudisha kimoja kimoja vile vilivyoachwa: ngazi, safari, kulala peke yake, kukaa safu ya katikati. Saa za mkononi zinazohesabu mapigo, ambazo siku hizi zinauzwa kila mahali, ni kidole cha shingoni kisichochoka, na kwa mtu wa kundi hili ni afadhali kuzivua kwa miezi michache.

Kuhusu vinywaji, pasitiwe chumvi. Utafiti wa watu 100 uliochapishwa Marekani mwaka 2023 ulionyesha kwamba siku za kunywa kahawa hazikuongeza kwa kiasi cha maana mapigo ya mapema ya vyumba vya juu vya moyo, ingawa yale ya vyumba vya chini yaliongezeka. Anayeona kahawa chungu ya jioni inamsumbua aipunguze. Asiyeona tofauti hana sababu ya kujinyima. Miraa ni jambo jingine, kwa kuwa viambata vyake huuharakisha moyo moja kwa moja na hunyima usingizi, na vinywaji vya kuongeza nguvu pamoja na baadhi ya dawa za mafua na za pumu vinastahili kutajwa mbele ya daktari.

Walio karibu na mtu huyo nao wana sehemu yao, na mara nyingi wanakosea kwa upendo. Mke anayeamka kila usiku kumshika mumewe kifua, mama anayemkataza bintiye kubeba ndoo, na jirani anayesema kwamba kuna kijicho au jini katika jambo hili, kila mmoja anathibitisha kwamba hatari ipo. Dua ina nafasi yake na wengi hutulizwa nayo, lakini kumtafutia mtu adui asiyeonekana ni kumwongezea hofu ya tatu juu ya zile mbili alizonazo. Lenye faida ni neno fupi lisilobadilika, kwamba ni lile pigo la siku zote nalo litapita, kisha mazungumzo yarudi kwenye jambo lililokuwa likizungumzwa.

Mapigo hayo hurudi. Mtu anaweza kukaa miezi sita bila kuyahisi, kisha baada ya msiba, homa au wiki ya kukesha akayakuta usiku mmoja yakimngoja, na pigo la kwanza likamwambia kwamba yote aliyoyafanya yamepotea. Weekes aliliandika jambo hili kwa kirefu, kwa sababu aliwaona wengi wakivunjika moyo hapo hasa: mwili una kumbukumbu, na kumbukumbu inapozinduka si ugonjwa mpya. Vipimo havirudiwi isipokuwa kama sura ya mapigo imebadilika au imejitokeza moja ya dalili zilizotajwa hapo juu. Kama haikujitokeza, kinachotakiwa usiku huo ni kilekile cha usiku wa kwanza wa mazoezi, kufanyika gizani na bila shahidi: vidole chini ya shuka, pumzi ndefu ya kutoka, na ubavu wa kushoto ukabaki kulaliwa.